Kilichokuwa Upande wa Kulia

Mngoni akinitukana leo simjibu. Wageni hushangaa, maana Mngindo na Mngoni ni watani tangu babu zao walipoacha kuuana, na hapa Mitole mtu asiyejibu utani huonekana mgonjwa au mwenye kiburi. Mimi si mgonjwa. Kiburi ninacho, na aliyenitia ni Daktari Gregori.

Nimembakiza mmoja tu, Devota, mke wa Mwalimu Stephano, Mngoni wa Songea aliyeletwa huku na ualimu wa mumewe. Huyo anaingia jikoni kwangu, akikuta mboga imeiva anapakua bila kuomba, na akitoka ananiita mateka wa babu yake. Nami nikipita kwake namwuliza mumewe wale ng'ombe waliowaiba njiani kutoka kwa Wazulu wameshawarudisha au bado wanawatafuna. Ndivyo tulivyo. Mtani hakasirikiwi wala haamkiwi. Shikamoo anapewa mkwe, anapewa mwalimu, anapewa mzee wa ukoo. Mtani anapewa tusi, hiyo ndiyo heshima yake. Na neno ambalo huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe wako, kwa mtani unalitamka na watu wanacheka.

Daktari Gregori alikuja mwaka uliofuata mvua za Elnino, barabara ya Kilwa ikiwa bado na mashimo ya kumeza gari. Wakati huo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Korosho alinunua yeyote mwenye gunia na mizani, nguo zilikuwa za mitumba, hospitali ya serikali ilitaka uchangie hata pamba, na kila upande ukigeuka unakuta mradi. Mradi wa kisima, mradi wa mbuzi, mradi wa vyandarua. Wake ulikuwa mradi wa mabusha na matende. Alishuka na jenereta, na sanduku la kijivu lenye kioo kama televisheni ndogo, na mzungu mmoja tuliyeambiwa tumwite Profesa. Wenyewe waliita ile mashine utrasaundi. Sisi tuliiita video.

"Zamani walikuwa wanawaamsha usiku wawatoboe vidole," alituambia mkutanoni, "kwa sababu vijidudu vya matende vinatoka kwenye damu usiku tu. Mashine hii inamtazama mnyoo mkubwa mwenyewe, nyumbani kwake, mchana kweupe. Huko duniani bado ni ngeni. Ninyi Wangindo mlikuwa mnajificha mashimoni babu zetu wakipita, lakini sasa hata minyoo yenu haina pa kujificha."

Watu wakaangua kicheko. Kumbe mtani. Mzee Jafari, mwenyekiti wetu wa kijiji, akamjibu kwamba afadhali shimo kuliko kutembea nusu ya Afrika kwa uchu wa ng'ombe wa watu, na papo hapo daktari akawa wa kwetu. Angekuwa Mchaga tungemhoji mpaka achoke. Mngoni tulimkaribisha kwa matusi, akaingia.

Mume wangu Abilahi alikuwa na busha upande wa kushoto, si kubwa, la kufichika ndani ya kikoi. Alikuwa mkulima wa korosho, bado kijana, mcheshi kupita kiasi, lakini kuvua nguo mbele ya watu alikataa kabisa. Akasema bila mimi, Mwahija, kuwepo hatalala kwenye kile kitanda. Basi nikaingia naye chumba cha zahanati, dirishani pametundikwa kanga, nje wanaume wamepanga foleni wanatusikia kila neno. Daktari akampaka mafuta mazito ya baridi, akapitisha kidude chenye waya, na kwenye kioo nikaona maji ya busha yakiwa meusi, na ndani ya maji vinyuzi vyeupe vinajikunja na kujikunjua bila kupumzika.

"Hao ni wazima," daktari akasema. "Tazama wanavyocheza sindimba."

Profesa alipiga paja lake kwa furaha. Ilionekana minyoo ya Abilahi ilicheza vizuri kuliko ya mwanaume yeyote kutoka Pande mpaka Kiswere. Wengine walipewa vidonge ili mashine itazame kama ngoma itazimika. Yeye aliambiwa asubiri kidonge chake, kwanza wampige picha safari hii na safari zijazo. Kila mgeni wa mradi aliyefika alionyeshwa Abilahi. Naye alijiona mtu, nisiseme uongo. Kijijini wakamwita Mwenye Ngoma.

Sasa nitasema jambo la chumbani, na anayeona aibu azibe masikio. Kwetu mwanamke ndiye anayemnyoa mumewe. Tunafundishwa unyagoni, na mengine ya kule hayasemwi. Kwa hiyo mwili wa Abilahi niliujua kuliko alivyoujua yeye. Siku moja namnyoa, mkono wangu ukagusa korodani ya kulia, ile isiyo na busha, nikaiona nzito. Sehemu moja ilikuwa ngumu kama korosho mbichi. Nikabonyeza. Hakusikia maumivu yoyote.

"Busha linahamia kwa jirani," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Busha ni maji, na maji hayawi magumu.

Mradi uliporudi mara ya pili nikaingia naye tena, na safari hii sikutazama ngoma ya kushoto. Nilingoja kidude kipite kulia. Kilipopita, kwenye kioo likatokea doa la kijivu lenye mabaka ndani ya korodani yenyewe, halikufanana na kitu chochote cha upande wa pili, na halikutikisika. Mkono wa daktari ukasimama. Niliuona ukisimama. Akabonyeza kitu, picha ikaganda, akamwambia Profesa maneno ya Kiingereza. Profesa akatazama, akatingisha kichwa, akaonyesha kidole kushoto. Kidude kikarudi kushoto.

Ningeulizaje? Nje ya kanga kuna shemeji zangu, kuna Mzee Jafari, kuna vijana ambao nimewabeba mgongoni. Mwanamke wa heshima hasimami akatangaza habari za korodani ya mumewe. Lakini kwa mtani unasema lolote, kwa hiyo nikatumia mdomo niliokuwa nao.

"Wewe mla ng'ombe wa wizi," nikamwambia, "na hicho cha kulia ni nini, au umekiogopa?"

"Hicho ni kichwa cha babu yako," akajibu bila kusita. "Tulikikata tukasahau tulikozika. Kumbe Abilahi amekitunza."

Chumba kikacheka, foleni ikacheka, Abilahi mwenyewe akacheka mpaka picha ikaruka.

"Daktari, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli, mateka."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Angenifokea, angeniambia nyamaza mwanamke hujui kitu, ningejua kuna jambo, ningemchukua mume wangu nikaondoka. Alinijibu kwa haki yake ya utani, na mimi kwa sheria hiyo hiyo sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Alikificha kile kitu mahali ambapo nisingeweza kukifuata.

Mara ya tatu nilimfuata kwenye gari wakati wanapakia jenereta. Nikamwambia kwa sauti ya chini, bila tusi, kwamba lile gumu la upande wa kulia limekua. Alinitazama. Wallahi alinitazama kama mtu aliyeelewa. Kisha akapaza sauti dereva asikie: "Jamani, njooni mniokoe, huyu Mngindo ananivizia garini, nitamwambia nini mke wangu?" Watu wakakusanyika kucheka, nami nikajifunika kanga nikaondoka. Nilimchukia siku ile, na tangu hapo sijapumzika kumchukia.

Abilahi akaanza kuumwa mgongo. Akaacha kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho kwa sababu alikuwa akikohoa njia nzima. Suruali zikamlegea. Nikamwambia twende hospitali ya Kilwa, twende Lindi, popote. Alinikatalia, na sababu alikuwa nayo.

"Mimi nimepigwa picha na mashine ambayo hata huko Ulaya ni mpya," akasema. "Kama kuna kitu wangekiona. Niende Lindi nikatazamwe kwa macho?"

Alisema kweli, wangekiona. Walikuwa wamekiona.

Nilikwenda kwa Devota nikamwaga yote. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, bila kunitania hata mara moja, na kwa Devota hilo ni jambo la kutisha. Halafu akaweka ungo chini.

"Umemwuliza kama mtani au kama mke wa mgonjwa?" akaniuliza.

"Nimemwuliza kwa njia zote."

"Hapana. Kila ukimwuliza unaanza na ng'ombe. Mwamkie uone."

Siku ya wageni wakubwa ikafika. Walikuja wazungu kadhaa na watu wa Dar es Salaam waliovaa tai kwenye joto la Mitole. Kitanda kikatolewa nje chini ya turubai, kioo kikaelekezwa kwa wageni, jenereta likanguruma. Kijiji kizima kilikuwepo. Abilahi alikuja akiniegemea, akalala, wakamfunika shuka na kuacha panapohitajika, wakampaka mafuta yao. Daktari Gregori alikuwa amevaa koti jeupe jipya.

"Leteni mateka wangu bora," akatangaza, "leo Wangindo watacheza mbele ya mataifa."

Watu wakanigeukia mimi, wakingoja tusi langu. Nilivua ndala. Nikapiga magoti kwenye mchanga mbele yake, kama ninavyompigia baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

Walicheka sana. Walidhani ni mtindo mpya. Yeye pia akacheka, lakini kidogo. "Huyu leo amekula nyuki pamoja na asali," akasema.

"Shikamoo, Daktari Gregori."

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Mzee Jafari. Nilimsikia akiwaambia watu wa nyuma watulie. Kicheko kikakatika kipande kwa kipande, mpaka ikabaki sauti ya jenereta. Daktari akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia kucheka.

"Mwahija, simama bwana, wageni wanangoja."

"Nakuamkia, baba. Hujaniitikia."

"Daktari," Mzee Jafari akasema, "huyu hatanii."

Basi alikuwa hana pa kwenda. Mtu ukiamkiwa shikamoo kwa magoti mbele ya kijiji, ama uitikie, ama uonekane mshenzi. Na ukiitikia, umekubali kwamba wewe ni mkubwa wangu na mimi ni mdogo wako, utani umekufa, na mdogo akikuuliza unatakiwa umjibu.

"Marahaba," akasema.

"Naomba kuuliza, baba. Upande wa kulia wa mume wangu umeona nini?"

Akafuta mikono na kitambaa, ingawa haikuwa na kitu.

"Niliona uvimbe," akasema. "Ndani ya korodani. Si maji, si mnyoo."

"Uliuona lini?"

"Tulipokuja mara ya pili."

"Mtu mwenye uvimbe huo anafanywaje?"

"Anapasuliwa, korodani inatolewa. Akiwahi, mara nyingi anapona."

"Mbona hukutuambia?"

"Sisi tunatafuta minyoo." Sauti yake ilikuwa imeshuka, watu wakasogea kumsikia. "Kile hakikuwa kazi yetu. Na wangempeleka kumpasua, wangemtoa na busha, na picha zake ndizo... Yeye ndiye tuliyekuwa tunamwonyesha. Nilikusudia kumwambia kazi ikiisha."

Abilahi alikuwa amelala pale pale, kidude bado kimewekwa juu yake, na kwenye kioo wale minyoo wanaendelea kucheza mbele ya mataifa. Alikitoa kile kidude kwa mkono wake, akavuta shuka, akajifunika mpaka kifuani. Profesa akauliza kumesemwa nini. Hakuna aliyemtafsiria, na sidhani kama alihitaji.

Walimpeleka kwa gari la mradi siku hiyo hiyo, hospitali ya misheni kule bara. Nilikaa nyuma nimempakata kichwa, daktari amekaa mbele. Walimpasua. Daktari wa pale, mtu mpole, alimwekea mashine kama ile ile tumboni, akaniita nikaona kwa macho yangu. Mabaka yale yale ya kijivu yalikuwa yamepanda kandokando ya uti wa mgongo, na akaniambia kifuani yako mengine. Nikamwuliza kama tungekuja mapema. Alisema, "Mama, turudi kwa mgonjwa." Ni jibu la adabu na nimelielewa.

Nilimrudisha nyumbani. Alifariki korosho zikianguka, hakuna wa kuziokota.

Msiba wetu huwa na watani, na usipowaona ujue marehemu hakuwa na watu. Wanachimba kaburi, wanachota maji, wanatukana maiti, wanakudai kuku ndipo wakuruhusu kutoka na jeneza. Devota alivaa kofia ya Abilahi na kikoi chake, akapita katikati ya wanawake akitembea kama yeye, amebinua kifua, anatangaza kwamba Mwenye Ngoma amehamisha ngoma bila kulipa kodi. Nilicheka. Nimekaa eda, nimefunikwa nguo nyeupe, machozi yananitiririka na ninacheka mpaka mbavu zinauma. Utani kazi yake ni hiyo, kumshika mtu asianguke. Haukuwekwa kwa ajili ya kufichia ugonjwa wa mtu.

Ndipo kupitia dirishani nikamwona Daktari Gregori. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, bila gari la mradi, bila koti jeupe, jembe begani. Alikuja kama mtani anayekuja kuchimba. Alipofika karibu na wanaume akaanza kwa mbali, kama inavyotakiwa.

"Mateka wamepungua. Nani atatulimia mashamba sasa?"

Nilielewa anachotaka. Mtu mmoja tu angemrushia tusi, hata dogo, hata la ng'ombe, yangekwisha. Angekuwa mtani tena, angechimba, angekula wali wa msiba, na Abilahi angekuwa bahati mbaya ya Mungu. Wanaume nao walielewa. Walisimama na majembe yao wakitazama dirisha langu.

Nikamwita Zakia, dada wa marehemu. Nikamwambia, "Nenda kwa Mzee Jafari. Mwambie mgeni wetu apewe kiti."

Zakia akaenda, akasema sikioni. Mzee Jafari akamwendea daktari, akampokea jembe kwa mikono miwili, akalilaza pembeni.

"Karibu, daktari. Pole na safari. Kaa kitako upumzike."

"Nimekuja kuchimba, mzee."

"Mgeni hachimbi."

Kikaletwa kiti kutoka sebuleni kwangu, chenye mto. Watani wote wamekaa chini au wameinama kaburini, Mwalimu Stephano akiwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, na yeye peke yake amekaa juu ya kiti, katikati ya uwanja. Vijana wakaanza kupita mmoja mmoja, hakuna aliyewatuma. Shikamoo, daktari. Shikamoo, baba. Aliitikia marahaba, marahaba, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Aliletewa chai kwenye kikombe cha wageni, akakishika bila kunywa.

Jeneza lilipotolewa alisimama alishike, wakamwambia kwa upole asijisumbue. Akakaa. Akageuza uso kwa waliokuwa karibu naye, nikamsikia mpaka ndani.

"Nitukaneni basi," akasema. "Jamani, hata neno moja."

Binti wa Zakia akamwinamia, akamwuliza kama chai ina sukari ya kutosha.